Kilo Tatu za Mchanga

Wiki iliyopita nililala kwenye kitanda cha kuvuta mgongo katika kliniki moja huku Area D, Dodoma. Ni mashine ya kisasa, inavuta yenyewe na kuachia yenyewe, na ina kioo kidogo kinachoonyesha namba. Dada anayeiendesha alinifunga mkanda mmoja kiunoni na mwingine kichwani, kisha akaniwekea mkononi kitufe chenye waya. "Mama, ukitaka kusema lolote, bonyeza hapa, mimi nakuja," akasema. Nikaanza kulia. Akadhani amenikaza mno, maskini, akalegeza huku na kule, akaniomba radhi. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba ninalia kwa sababu ya kitanda kingine, ambacho hakikuwa na kitufe.

Kitanda hicho kilikuwa cha mama yangu, mtaani Kikuyu, katika vyumba viwili tulivyopanga. Mama alikuwa karani mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Miaka kumi na minane aliinamisha shingo juu ya mashine ya chapa, akichapa barua za watu wengine. Kisha ikaja ile miaka ya kupunguza watu kazini, na jina lake likabandikwa ukutani pamoja na ya wenzake. Hakulia siku ile, au hakulia mbele yangu. Baada ya mwezi mmoja alikuwa anakwenda Hombolo kununua zabibu kwa wakulima, anazileta mjini, anazitembeza mtaa kwa mtaa na beseni kichwani. Alikuwa mtu wa mzaha hata pasipofaa. "Serikali imenitua mashine, imenitwika beseni," alikuwa akisema, na wateja wakicheka anawaongezea kishada.

Shingo ikakataa. Ilianza na kukakamaa asubuhi, ikaja kuteremka begani, ikaja kuwa moto unaoshuka mkono wa kulia mpaka kwenye vidole viwili vya mwisho. Mgongo nao ukadai haki yake. Tulimchua kwa mafuta ya kila rangi. Kuna siku alidondosha kikombe cha chai akabaki anakitazama pale chini kama kimemtukana, ndipo nikajua kuwa sasa ni hospitali.

Picha ilionyesha pingili za shingo zimelaliana, na mshipa wa fahamu umebanwa katikati. Kupasuliwa kulikuwa jambo la Dar es Salaam, na daktari mwenyewe alilitaja kwa sauti ya mtu asiyelipendekeza. Njia nyingine ilikuwa kuvutwa. Shingo inavutwa polepole, siku baada ya siku, pingili ziachane kidogo, mshipa upate kupumua. Lakini vitanda vya kuvutia vilikuwa viwili wodi nzima na vyote vilikuwa na watu wa ajali. Mtaalamu wa viungo, bwana mmoja mpole mwenye baiskeli, akasema kitu hicho kinawezekana hata nyumbani iwapo kuna mtu makini wa kukisimamia. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, najiona nimeisoma dunia yote na kuimaliza.

Alikuja jioni moja akafunga kapi dogo la chuma kwenye ubao wa kichwani wa kitanda, akainua miguu ya upande huo kwa matofali. Mkanda wenyewe ulikuwa wa turubai: kipande kimoja kinapita chini ya kidevu, kingine kisogoni, vinakutana juu ya kichwa, na kamba inapita kwenye kapi na kuning'inia nyuma ya kitanda na mfuko wa mchanga. Mchanga niliufuata mwenyewe korongoni, kitu ambacho Dodoma hakijawahi kuadimika. Tuliupima kwa mizani ya mama ya zabibu. Kilo tatu. Mama akiwa amelala pale akasema, "Angalia usinipunje." Kwa saa mbili anavutwa, kwa saa moja anapumzika, mchana kutwa, wiki sita.

Mkanda ukishakaza, kidevu hupandishwa juu na meno hukutana. Mdomo haufunguki. Mgonjwa anaweza kuguna tu. Mtaalamu alituambia hivyo, tukaona ni jambo dogo.

Jambo kubwa, tuliloliona siku ya tatu, lilikuwa wageni. Kwetu mgonjwa hatembelewi kwa miadi. Habari zikishatoka, watu wanakuja: majirani, kina mama wa kanisani, kina mama wa Kiislamu wa nyumba ya tatu, makarani wenzake wa zamani. Na mama hakuwa mtu wa kupokea mgeni akiwa amelala chali amefungwa kidevu kama ng'ombe wa maksai. Siku hiyo ya tatu aliingia mama mzazi wa mwenye nyumba wetu, bibi wa miaka themanini na kitu, na fimbo yake. Mimi nilikuwa uani nasonga ugali. Mama akaona haiwezekani mzee kama yule asimame mbele yake bila kuamkiwa. Akajifungua mkanda kwa mkono wa kushoto, akainuka ghafla akae aseme "Shikamoo."

Nilisikia yowe nikaja mbio na mwiko mkononi. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia kama si wake. Ulikaa hivyo siku mbili, hausikii moto wala baridi. Bibi wa watu akalia kuliko mgonjwa.

Mtaalamu alipokuja hakumgombeza mama. Alinigombeza mimi, mlangoni, majirani wakisikia. "Mlinzi ni wewe. Akiinuka tena hivi, mkono huu hautashika kitu maisha yake yote. Umenielewa, au nitafute mtu mwingine?"

Nilimwelewa kupita kiasi. Tangu siku hiyo nilihamishia kiti changu barazani na nikawa mlango. Kabla ya saa ya mapumziko hapiti mtu. Anayetaka asubiri, asiyetaka aende zake. Niliwarudisha walezi wa kanisa, nikamrudisha mwenye nyumba kwenye nyumba yake mwenyewe. Majirani wakaanza kuniita askari wa zamu. Nami, niseme ukweli, nililipenda jina hilo. Mimi ni mtu wa hasira, na hasira inapopewa kazi ya halali hujiona ni wema.

Sasa nieleze habari ya mjomba. Mama alikuwa mtu wa Kondoa, wa vichaka vile vya magharibi vyenye nyuki, na lugha yao ni ile yenye vidoko, ambayo ulimi hugonga kinywani katikati ya neno. Mimi sikuijua. Alikuwa na kaka mmoja tu, mkubwa wake, aliyemlea wazazi wao walipofariki. Baba yangu alipokufa, nikiwa na miaka tisa, huyo kaka alimtaka mama arudi nyumbani pamoja nami. Mama akakataa, ana kazi, ana mtoto shuleni. Wakakosana palepale msibani. Kaka akamwambia mbele ya watu, "Nenda. Shingo yako ngumu. Iko siku utataka kugeuka utuangalie, nayo itakataa." Mama akaondoka bila kugeuka. Miaka kumi ikapita hawajaonana, na kila Krismasi mama alikuwa akitaja jina lake mara moja tu, wakati wa kuombea chakula.

Mtu anaweza kuona tayari kijijini walisema nini waliposikia ni shingo.

Alikuja wiki ya pili, majira ya saa nne asubuhi, upepo wa Agosti unapeperusha vumbi mpaka kwenye masufuria. Mzee mwembamba ndani ya koti kubwa, kikohozi kikimtangulia, na kibuyu cha asali kimefungwa kwa kamba ya gome. Nilimjua kabla hajasema, kwa jinsi alivyofanana na mama.

"Shikamoo," nikasema. Sikuongeza neno la heshima.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mjomba wako. Nimekuja kuona dada yangu."

"Anavutwa. Haingii mtu."

Hakuelewa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia asali, na neno "kuvutwa" halikumwambia kitu. Nami sikujisumbua kumweleza. "Bado saa moja na nusu," nikasema.

"Gari langu linarudi saa tano. Ni la watu, limenileta kwa hisani. Kesho sina." Akakaa kwenye ukingo wa baraza. Akakohoa. "Niingie kidogo tu. Nisimame mlangoni."

"Daktari amekataza."

Hapo ndipo nataka nisiwe mwongo. Ningeweza kuingia, nikautua mfuko taratibu kama nilivyofanya mara tano kwa siku, nikamfungua mama kidevu bila kumwinua, mjomba akaingia. Lisingeharibika lolote. Mapumziko yangewahi kwa saa moja na nusu, basi. Nilijua. Lakini nilimkumbuka mama alivyorudi kutoka msiba ule, amekaa dirishani kwenye basi safari nzima na kanga kaibana usoni, na mimi, mtoto wa miaka tisa, nimemshika kidole. Nilimtazama mzee yule nikawaza moyoni: ulisema shingo itakataa, si ndiyo? Basi nayo imekataa. Nilitumia shingo ya mama yangu kumwadhibu kaka yake.

Akainama, akafikiri. Kisha akasema, "Basi niseme hapa dirishani. Asikie sauti tu."

"Sema."

Akasimama mbele ya dirisha, akavua kofia yake, ijapokuwa pazia lilikuwa limeshushwa na hakuna aliyekuwa akimwona isipokuwa mimi. Akasema maneno machache ya kwao, kwa sauti ya chini, ulimi ukigonga. Akasubiri. Akayasema tena, yaleyale, nafikiri. Akasubiri zaidi, sikio karibu na wavu.

Ndani chuma cha kitanda kikagongwa mara tatu.

Nikaingia. Mama alikuwa macho. Machozi yalikuwa yanamshuka pembeni kuingia masikioni, kwa kuwa mtu aliyelala chali machozi yake hayana njia nyingine. Mkono wa kushoto ukaonyesha dirisha, kisha kidevu, kisha dirisha. Akaguna. Angeweza kujifungua mwenyewe kwa mkono huo, lakini tangu yale ya bibi alikuwa anaogopa, aliogopeshwa na mtaalamu na aliogopeshwa na mimi kila siku. Alikuwa ananisubiri nimfungue. Nilielewa vizuri sana anachotaka, sitajifanya.

"Bado, Mama," nikasema. "Vumilia. Unataka mkono ufe?"

Nikamfuta machozi kwa pembe ya shuka, nikatoka.

Mjomba alikuwa bado ameshika kofia. "Amesema nini?" akauliza.

"Hajasema kitu," nikajibu.

Mtu akisema kweli kama ile, hata wakili hawezi kumshika. Mzee akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia. "Haya," akasema. "Nimesikia." Akaweka kibuyu cha asali juu ya kiti changu cha uaskari, kwa mikono miwili, akashuka barazani akaenda zake. Hakugeuka nyuma.

Saa ilipofika nikautua mfuko, nikafungua mkanda. Mama huwa anachukua dakika kadhaa kabla taya halijalegea. Siku ile hakungoja.

"Ameondoka?"

"Amekwenda. Gari lake lilikuwa linaondoka."

"Ulimwambia nimefungwa mdomo?"

Nilianza kukunja kamba ambayo haikuhitaji kukunjwa.

"Mwanangu, nakuuliza. Ulimwambia?"

"Hapana."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alifumba macho akavuta pumzi ndefu, kisha akasema, "Kimbia." Nikakimbia mpaka stendi, na kanga imeniponyoka njiani sikuiokota. Magari ya Kondoa yalikuwa yameondoka yote. Niliuliza habari za mzee mwenye koti kubwa, wapiga debe wakanicheka: wazee wenye makoti makubwa wamejaa.

Nilirudi nikasema nitaandika barua, nimpe dereva. Mama akakataa. "Hili si la barua. Kwanza hajui kusoma, atasomewa na watu, na mbele za watu ndiko lilikoanzia. Hili ni la mdomo kwa mdomo. Nikitoka kitandani nitamwendea." Nilimwuliza alisema nini pale dirishani. Akaniambia nimletee uji.

Kuanzia siku hiyo mama akawa mgonjwa mtiifu ajabu. Alihesabu siku. Aliniamsha yeye asubuhi nimfunge mkanda, na wakati mwingine akanikumbusha nipime mchanga tena kama upepo haujapenya mfuko. Asali hakuionja. Aliagiza kibuyu kikae dirishani, palepale. Na dawa ilikuwa inafanya kazi, hilo ndilo linaloniuma. Wiki ya tatu moto wa mkononi ukaanza kurudi juu kama maji yanayokauka. Ya nne akashika kikombe. Mtaalamu wa baiskeli akamgeuza kichwa kulia, akamgeuza kushoto, akafurahi kama mwenye kupona ni yeye. "Umemtunza vizuri mama yako," akaniambia. Nikamshukuru.

Wiki ya tano akaja mtu kutoka kwao. Alikuwa muuza asali, amemaliza shughuli zake sokoni, na alitumwa apitie kwetu. Alisimama barazani na nikajua, kwa sababu hakuketi alipokaribishwa. Kifua. Mjomba alikuwa mgonjwa tangu masika, akasema, na hata ile safari ya Dodoma walimkataza. Walimzika jana yake.

Mama alikuwa kwenye mapumziko, mdomo wazi, huru. Alisikia yote. Hakupiga yowe. Alisema tu, "Leta ile kola." Hiyo ni kola ya shingo, ngumu, aliyokuwa aanze kuvaa wiki ya saba.

Nilimfuata mtaalamu kazini. Alisema haiwezekani, barabara ya Kondoa mashimo matupu, kazi yote itaharibika. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia asante, nikarudi nyumbani kufunga mizigo. Sikuwa tena na ubavu wa kumkataza mama kitu.

Tulipata nafasi mbele kwa dereva wa lori la chumvi. Nilikaa nyuma ya mama, nimejibana kwenye kilalio cha dereva, nikamshika kichwa kwa mikono miwili, viganja chini ya taya, nikimwinua kidogo kila gari linapoingia shimoni. Saa nyingi. Mikono ilikufa ganzi na sikuthubutu kubadilisha. Mama alikuwa kimya njia nzima, na kimya chake nilikuwa nakisikia kwenye vidole, kila alipomeza mate.

Kaburi lilikuwa bichi, miiba imewekwa juu ili fisi wasifukue. Watu wa kwao walitupokea kwa adabu ya watu wasiojua waseme nini. Wanawake wazee wawili walitazama ile kola shingoni mwa mama kisha wakatazamana, nami nikajua wanawaza nini, nikataka kuwaka. Nikajizuia.

Mama akasimama kwenye kichwa cha kaburi. Akanyanyua mikono, yote miwili, wa kulia pia, akafungua vifungo vya kola akanipa niishike. Akageuka kulia akatazama nyumba ya kaka yake, akageuka kushoto akatazama mizinga mitini. Shingo ilikwenda kote. Kisha akainama akasema neno moja la kwao, kwa sauti kubwa, yenye kugonga ulimi, kama mtu anayejibu kutoka chumba cha pili.

Wale wanawake wazee wakaanza kulia, wote wawili kwa pamoja. Wakaja wakamshika kiunoni.

Sikuuliza mpaka tulipokuwa tunarudi, kesho yake. Nilisubiri dereva ashuke kukagua tairi. "Mama, ulimwambia nini?"

"Sikumwambia. Nilimwitikia." Alikuwa ametazama mbele, kola imemkamata. "Kwetu neno baya lililosemwa mbele za watu halifutwi na mtu mmoja. Aliyelisema anakuja, anaita. Aliyesemewa akiitikia, limekwisha, hakuna maneno zaidi. Asipoitika, amekataa. Siku ile dirishani aliniita mara mbili. 'Mdogo wangu, niitikie.' Hakusema kingine chochote."

Nilitaka kusema nisamehe na neno halikutoka. Nafikiri aliliona, kwa sababu alinyoosha ule mkono wa kulia, uliopona, akaushika mkono wangu akaurudisha chini ya taya yake.

"Nishike," akasema. "Barabara ya mbele bado mbaya."

Dereva akapanda, akawasha gari.